Kamba Inayosimamisha Kiwanda: Ziara ya Mafunzo Nagoya na Mji wa Toyota

Wanafunzi wengi wa uhandisi wanaopata nafasi ya kwenda Japani kwa ziara ya mafunzo huondoka na hamu ya kuona roboti, nami sikuwa tofauti. Roboti tuliziona za kutosha, zikichomelea bodi za magari huku cheche zikiruka pande zote. Hata hivyo, nimeona ni bora niandike juu ya jambo jingine, yaani mamlaka aliyopewa mfanyakazi wa kawaida ya kusimamisha kazi pale anapoona kasoro. Nimeamini kwamba mamlaka hayo hayaeleweki vizuri mpaka mtu aone jinsi wafanyakazi hao wanavyolelewa na kuishi nje ya geti la kiwanda.

Wenyeji wetu walifanya busara kutuanzishia Nagoya, kwenye makumbusho ya Toyota ya viwanda na teknolojia, yaliyofunguliwa mwaka 1994 ndani ya majengo ya matofali mekundu yaliyokuwa kiwanda cha nguo cha mvumbuzi Sakichi Toyoda. Humo umo mtambo wa kufuma wa aina ya G, uliokamilika mwaka 1924, na bado unafanya kazi. Mwelekezaji aliuwasha, ukaanza kupiga kwa kishindo, kisha akaukata uzi mmoja tu wa mtande, yaani nyuzi zinazokwenda kwa urefu wa nguo. Kipande chembamba cha chuma kilichokuwa kimening'inia kwenye uzi huo kikaanguka, na papo hapo mtambo wote ukasimama. Kabla ya uvumbuzi wa namna hiyo, uzi ulipokatika mtambo uliendelea kufuma nguo mbovu mpaka mtu atambue, ndiyo maana kila mtambo ulihitaji mtu wa kuulinda. Ulipoweza kujisimamisha wenyewe, mfanyakazi mmoja aliweza kuhudumia mitambo mingi. Mwaka 1929 haki za uvumbuzi huo ziliuzwa kwa kampuni ya Platt Brothers ya Uingereza, na Kiichiro, mwana wa Sakichi, akaelekeza nguvu zake kwenye magari. Kampuni ya magari ya Toyota ilianzishwa mwaka 1937.

Kiwandani, katika mji uliokuwa ukiitwa Koromo hadi ulipopewa jina la Toyota mwaka 1959, wageni hupita kwenye njia ya juu na hawaruhusiwi kupiga picha. Katazo hilo lilinifaa, kwa kuwa lilinilazimisha kutazama. Kando ya mstari wa kuunganishia magari kuna kamba iliyotandazwa kwa urefu, ambayo kila mfanyakazi anaweza kuifikia. Nilimwona kijana mmoja akiivuta. Muziki mfupi ukalia, taa ya kituo chake ikawaka kwenye ubao wa juu, na kiongozi wa kikundi akafika upesi, wakainama pamoja juu ya mlango wa gari. Mstari haukusimama mara moja, kwa sababu utaratibu unawapa nafasi ya kurekebisha kasoro kabla gari halijafika mwisho wa eneo la kituo hicho. Wakishindwa, ndipo husimama. Safari hii waliwahi, kamba ikavutwa tena, muziki ukanyamaza. Hakuna aliyepandisha sauti wala aliyeulizwa kwa nini anachelewesha wenzake. Taiichi Ohno, mhandisi anayetajwa zaidi katika kuujenga mfumo huu, alisisitiza kwamba palipo na tatizo watu waulize sababu mara kwa mara mpaka wafike kwenye chanzo. Kwa maoni yangu, hilo haliwezekani mahali ambapo mwenye kuonyesha kasoro ndiye anayekaripiwa kwanza.

Kamba yenyewe ni kitu rahisi, na kiwanda chochote duniani kinaweza kuifunga. Kinachokuwa kigumu ni kumpata mtu atakayethubutu kuivuta. Katika shule za Japani, wanafunzi wenyewe husafisha madarasa na korido zao kila siku, na watoto wa shule za msingi hupeana zamu za kuwagawia wenzao chakula cha mchana. Mtoto aliyekulia katika zamu hizo huona uchafu ulio mbele yake kuwa ni wake, hata kama hakuumwaga yeye.

Lakini nisiipambe jamii hiyo kupita kiasi. Mtu huyohuyo mwenye haki ya kusimamisha mstari mzima anaweza kuona vigumu kurudi nyumbani kabla ya mkuu wake. Vifo vinavyotokana na kazi kupita kiasi ni tatizo linalotambuliwa rasmi nchini humo, na ni kuanzia Aprili 2019 tu ndipo sheria ilipoweka ukomo wenye adhabu wa saa za ziada kwa kampuni kubwa, yaani saa 45 kwa mwezi na 360 kwa mwaka katika hali ya kawaida.

Sehemu iliyonifundisha zaidi ilikuwa Homi, mtaa wa maghorofa uliojengwa miaka ya 1970 katika mji huohuo wa Toyota. Sheria ya uhamiaji iliyoanza kutumika mwaka 1990 iliwafungulia mlango wazao wa Wajapani waliohamia Brazili, na wengi wao walikuja kufanya kazi katika viwanda vya vipuri. Miaka ya mwanzo ilikuwa na mivutano juu ya taka, kelele za usiku na maegesho ya magari. Baada ya msukosuko wa uchumi wa mwaka 2008 wengi walipoteza ajira, na mwaka 2009 serikali ikawapa wasio na kazi yeni 300,000 kila mmoja, na 200,000 kwa kila mtegemezi, ili warudi kwao, kwa sharti kwamba wasirejee kwa kibali kilekile. Sharti hilo lililegezwa mwaka 2013. Nilihuzunika kuona kwamba watu waliosifiwa kwa mikono yao walihesabiwa kuwa ziada mara tu oda zilipopungua.

Waliobaki wamejenga maisha. Kwenye kituo cha taka maelekezo yameandikwa kwa Kijapani na Kireno, na bibi mmoja Mjapani alitueleza kwa subira siku ya taka zinazoungua na siku ya makopo na chupa, huku jirani yake Mbrazili akimsahihisha kuhusu saa. Wote wawili wakacheka, kisha wakatukaribisha kusaidia kufagia.

Katika ripoti niliyowasilisha chuoni nimependekeza kwamba kundi lijalo lipunguziwe kiwanda kimoja, na siku hiyo itumike Homi, likiwa na mkalimani wa Kireno pamoja na wa Kijapani. Nimependekeza pia kwamba kila mwanafunzi, kabla ya kuondoka, aandae maswali ya kuwauliza wafanyakazi kuhusu zamu zao, mishahara yao na malezi ya watoto wao, maana maswali yanayohusu mashine hujibiwa kikamilifu na vipeperushi vya wageni.