Nilidungwa Sindano, Nikapigwa Chuku, na Hapa Sipigi Chuku

Kabla sijadungwa hata sindano moja ya akupancha, zile za Kichina za kutuliza maumivu, nilikuwa nimeshashauriwa na watu tisa. Wanane kati yao hawajawahi kuguswa na hizo sindano. Wa tisa, wifi yangu, alipigwa chuku, yaani vile vikombe vya kufyonza ngozi, mara moja mwaka aliojifungua kifungua mimba wake, na tangu siku hiyo ni profesa.

Mimi ni fundi wa nguo. Kibanda changu kiko soko la Kibuye, Kisumu, upande wa wanaorekebisha mitumba: unanunua suruali ya Mzungu mrefu, unaniletea, naikata mpaka iwe yako. Lakini kinacholipa karo ni sare za shule. Kuanzia Desemba mpaka shule zifunguliwe Januari nakaa kwenye cherehani tangu alfajiri mpaka askari wa soko anifukuze. Msimu uliopita shingo ilikataa. Ilianza kama mtu amenitwika gunia la mahindi bega la kulia tu, ikashuka kiwikoni, halafu vidole viwili vikaingia ganzi. Siku niliyojichoma sindano ya cherehani kidoleni na nisisikie vizuri, niliogopa.

Nikaenda Russia, yaani hospitali ya Jaramogi, wenyeji wa Kisumu wanaelewa. Nikapigwa picha, nikaambiwa pingili za shingo zimechakaa kidogo kwa umri na kazi, hakuna kilichovunjika. Dawa za maumivu na mazoezi. Nalitaja hili kwa sababu kuna watu wanaruka hospitali na kukimbilia vikombe. Mkono ukilegea mpaka unaangusha vitu, au mkojo ukikupita bila kukupa habari, hayo ni ya hospitali, na ni leo, si baada ya wifi kumaliza kutoa maoni yake.

Dawa zilisaidia, kisha tumbo likaanza kulalamika. Binti yangu anasomea uuguzi Maseno. Akaniambia kule Uingereza mwongozo wao wa mwaka 2021 kuhusu maumivu sugu unawaruhusu madaktari kufikiria akupancha. Akaongeza, kwa ile sauti ya watu wa chuo, kwamba kuna majaribio ambamo watu walidungwa mahali pasipostahili na bado wakapata nafuu, si mbali sana na wenzao.

"Kwa hivyo inafanya kazi ama haifanyi?"

"Mama, jaribu. Lakini usiuze cherehani."

Mtu wa kwanza niliyemwendea simtaji. Alikuwa na chumba kidogo, koti jeupe, na picha kubwa ya mwanadamu ukutani iliyojaa vitone kama ramani ya vituo vya matatu. Sindano zake zilikuwa zimesimama ndani ya gilasi ya spiriti, kama vijiti vya kuchokolea meno hotelini.

Sasa, mtu anaweza kunidanganya kuhusu shingo, si kuhusu sindano. Nimeishi na sindano miaka ishirini na nane. Hizi za akupancha hazina tundu kama za hospitali, ni waya tu uliochongwa. Sindano ndogo kabisa ninayotumia, ile ya hariri, ni namba 60, yaani zaidi kidogo ya nusu milimita. Zao nyingi ni kama robo milimita. Kwa hivyo wanaoogopa kwa kukumbuka ile ya kwinini ya utotoni, tulieni, hizi hata hazikaribiani.

Nikamwambia, "Daktari, naomba niione moja." Akanipa kwa fahari. Nikavua kitambaa changu cha kichwa, kile cha nailoni laini, nikakinyoosha pajani, nikailaza ile sindano na kuivuta ncha yake juu ya kitambaa polepole. Ikateleza. Nikaigeuza ubavu wa pili. Ikakwama, na uzi mmoja wa nailoni ukatoka mzima kama mnyoo. Fundi yeyote anajua maana yake: ncha imejikunja, imeota ndoana, na kwa kawaida sindano haioti ndoana ikiwa bado haijafanya kazi. Tunazipima hivyo hivyo kabla ya kuzigusisha kitambaa cha bibi harusi.

"Hii imeshona watu wangapi?" nikamuuliza.

Akasema huwa anazichemsha. Nikamwambia kuchemsha hakunyooshi ncha. Na ukimwi na homa ya ini aina ya B hupitia damu ndogo usiyoweza hata kuiona, kwa hivyo uaminifu wa sufuria yake sikuwa na njia ya kuupima kwenye nailoni. Akanidai mia mbili za kumwona. Nikamdai kitambaa. Tukaachana tukiwa sawa.

Kwa hivyo ukienda, usione haya: sindano itoke kwenye pakiti iliyofungwa, ifunguliwe ukitazama, na ikichomolewa iende kwenye lile sanduku la kutupia sindano. Isirudi kwenye gilasi yoyote.

Wa pili nilielekezwa na mteja wangu mmoja, mwalimu. Kijana wa Kakamega aliyesomea China, ana chumba ghorofa ya tatu katikati ya mji. Ndipo wifi yangu akapata nafasi yake. Usile kuanzia usiku, akaniambia, kwa maana sindano ikikuta chakula tumboni inachanganyikiwa. Usimeze dawa ya presha asubuhi hiyo, dawa za kizungu zinagombana na za Kichina. Na uende kwa miguu ili damu ichangamke.

Nikafanya yote matatu. Nilipita chapati za kibandani mwetu nikizitazama kama jamaa walioniudhi. Nikatembea kutoka Kibuye hadi mjini saa sita mchana, na jua la Kisumu la saa sita mnalijua. Nikapanda ngazi za ghorofa tatu. Nilipofika nilikuwa nimelowa, na nikadhani hiyo ndiyo damu kuchangamka.

Kijana akaniuliza maswali mengi. Nimekula? Nikasema ndiyo, kwa kuwa wifi alisema wasipojua hawatanizuia. Nimemeza dawa? Ndiyo. Nina mimba?

"Daktari, nina miaka hamsini na mbili."

Akasema lazima aulize kila mwanamke, kwani kuna mahali, kama pale kati ya kidole gumba na cha shahada, ambapo tangu zamani mjamzito hadungwi. Akaniambia nilale kifudifudi. Nikakataa. Nilikuwa nimesukwa nywele juzi yake, na nilivaa gauni la zipu ya mgongoni ambayo kuifungua ningehitaji watu wawili na maombi. Akakubali nikae, kwa shingo upande, na shingo yenyewe ilikuwa upande tayari.

Sindano ya kwanza sikuisikia. Ya pili, hiyo ya mkononi, ilileta kitu ambacho si uchungu. Ni uzito, kama mtu amekukanyaga mshipa kwa kisigino kisicho na kiatu. Akasema ndivyo inavyotakiwa. Kufikia ya tano nikasikia masikio yanapiga mluzi. Jasho likawa baridi. Yule mtu wa ukutani mwenye vitone akaniinamia kama anataka kunisalimia, nami kwa adabu nikamnyooshea mkono.

Niliamka niko sakafuni, miguu imewekwa juu ya kiti, gauni limepanda mahali gauni halipaswi kufika. Mama anayesafisha jengo alikuwa mlangoni akitangaza kwa Kijaluo kwamba nimekufa. Na kijana anahesabu: tatu, nne, tano. Alikuwa anahesabu sindano alizozichomoa. Nilimpenda hapo. Mimi pia nikimaliza gauni nahesabu pini kabla sijalitoa nje.

Nikapewa chai yenye sukari ya kutosha kufungua duka, nikakiri kila kitu. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mama, hapa hata anayefunga Ramadhani namwambia aje baada ya futari. Na kidonge cha presha hakina ugomvi na mtu." Mtu mwenye njaa, amechoka, ana hofu, tena amekaa badala ya kulala, ndiye anayezirai kwa sindano. Nilikuwa na zote nne.

Mara iliyofuata nilikula ugali na omena saa moja na nusu kabla, sikushiba kupita kiasi. Na usiku wake nilikuwa nimeshona kitu. Ninajisifu kidogo hapa, mnivumilie. Nilichukua leso yangu ya zamani, ile iliyoandikwa USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO, nikashona kanzu fupi isiyo na mgongo: mbele imefunika kila kitu cha heshima, nyuma inafungwa kwa kamba tatu, mabegani vishikizo vya kubonyeza. Unafungua bega moja, linadungwa, unafunga, hakuna aliyekuona. Maandishi nikayaweka kifuani, ili wifi akija anione vizuri. Kijana alipoiona akaniagiza sita za wagonjwa wake. Nimeshashona kumi na moja, na zile za wanaume sikutumia leso. Asiyeweza kushona avae blauzi pana na suruali inayokunjika mpaka magotini, basi.

Nilikwenda mara sita, mwanzoni mara mbili kwa wiki. Kila safari ilikuwa elfu moja mia tano hivi, siku nyingine elfu mbili, nadhani alikuwa anaangalia hali ya mkoba wangu. Baada ya mara ya tatu nililala usiku kucha bila kuamshwa na bega. Ya nne haikufanya lolote, nikarudi nyumbani na alama ya damu kuvilia tu. Ya tano ganzi ikapungua. Unatoka umelegea kama uliyekula wali wa harusi, kwa hivyo usipange kuendesha pikipiki wala kukata kitambaa cha mtu. Pale juu ya bega alikuwa akidunga kwa kulaza sindano, kidogo tu. Alisema chini yake kuna pafu. Ukitoka huko halafu kifua kikakuchoma na pumzi ikawa fupi, nenda hospitali palepale, hata kama ni nadra.

Jambo alilofanya ambalo halikuwa na sindano: aliniambia nimwonyeshe ninavyokaa kazini. Nikamwonyesha. Akanyamaza kidogo, akasema, "Mama, unashona kwa pua." Nikaweka matofali chini ya miguu ya meza ya cherehani, nikainua na kiti. Ukiniuliza kati ya sindano na matofali ni kipi kilichonisaidia zaidi, nitakwambia sindano zilikula elfu kumi na kitu na matofali niliyaokota.

Chuku sasa. Nyanya yangu aliumikwa kwa pembe ya ng'ombe: mganga anafyonza hewa kwa mdomo kupitia tundu dogo juu, analiziba kwa nta. Siku hizi ni vikombe vya plastiki na pampu ya mkono kama bastola. Nilikwenda kwa mama mmoja anayefanya hijama, ndiyo chuku hiyo hiyo, wanawake tu, Kaloleni. Nilitaka ile ya damu, ya kuchanjwa kwa wembe, nilikuwa nimejiandaa kishujaa. Akauliza dawa. Safari hii sikudanganya: presha, na ile aspirini ndogo ya kila siku. Akaweka wembe chini. Anayemeza dawa za kulainisha damu hamchanji, wala mwenye upungufu wa damu, wala mwenye selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, na selimundu huku kwetu ziwani si jambo la kusimuliwa. Wa kisukari anamtaka kwanza aongee na daktari wake, vidonda visije vikagoma kupona. Na usiache dawa kwa siri ili uchanjwe, akanitazama kama anamjua wifi yangu. Nikapigwa kavu, bila kuchanjwa.

Jirani wa pazia la pili alichanjwa. Damu kwenye kikombe chake ilikuwa nyeusi, imeganda kama maini, akafurahi: uchafu umetoka! Nilimsimulia binti yangu. Akasema damu yoyote ikikaa kwenye kikombe itaganda hivyo, hata ya mtoto mwenye afya. Yale maduara ya chuku kavu nayo si sumu. Ni mishipa midogo iliyopasuka chini ya ngozi kwa kuvutwa, na hukaa kama wiki moja au zaidi. Michael Phelps, yule bingwa wa kuogelea wa Marekani, aliogelea nayo kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016, dunia nzima ikamwona.

Lakini Phelps hakwenda nayo kanisani Jumapili akiwa amevaa blauzi ya shingo pana.

Jumanne jioni akina mama wa kanisa walibisha hodi, saba, wakiongozwa na Mama Mchungaji, wana sukari kilo mbili na unga. Mume wangu alikuwa anatazama habari. Wakamsalimia kwa baridi. Wakaimba, wakaomba, na maombi yalikaa sana kwenye mikono ya wanaume na hasira zake. Mzee akasema amina kwa sauti, maskini, bado hajaelewa. Nilipoelewa mimi nikaenda chumbani, nikavaa kanzu yangu ya kamba, nikarudi na kuwageuzia mgongo: maduara tisa, matatu, matatu, matatu, yamepangwa kama vifungo vya koti.

Kimya. Halafu Mama Mchungaji akasema, "Mwanaume gani anapiga kwa vipimo hivi?"

Walicheka mpaka mzee akazima runinga. Wawili waliuliza bei, mmoja akauliza kama inafaa magoti. Sukari hakuna aliyeitaja, nami sikuwakumbusha.