Wa kumi na moja

Nimerudi. Najua niliwaahidi mwisho wa ule ugomvi wa simtanki na jirani, utakuja, ila kuna kitu kimenikwama kooni tangu Jumanne na nisipokitoa leo pia sitolala. Mambo ya wiki hii ni mengi, wifi kajifungua mapacha, barua ya uhamisho ya baba watoto imetoka kweli na ni Mtwara, mvua imetuingilia mpaka sebuleni, lakini kichwa changu chote kiko kwenye mkate mmoja. Mkate wenyewe hata sijauona.

Jumanne ilikuwa geti. Wa siku nyingi humu mnajua geti ni nini, ni kile kikao cha kukaa na kupitia hatua zilizokwisha kabla ya kuruhusiwa kwenda mbele. Hatua zenyewe ni tano, kubainisha tatizo, kupima, kuchambua, kuboresha, kudhibiti, mambo ya Six Sigma hayo, njia ya kupunguza kasoro kazini, yalianzia Motorola mwaka 1986 yakazunguka dunia mpaka yakafika kwenye kiwanda chetu cha mikate hapa Tanga chenye oveni mbili na paka mmoja. Sisi tulikuwa tumemaliza tatu. Bosi alishaingia ya nne kichwani mwake zamani, profoma (karatasi ya bei) ya mashine mpya ya kukatia mikate imetoka Dar na ameitundika ukutani kama picha ya harusi.

Mradi wangu (sijui kwa nini bado nauita wangu) ni kupunguza mikate inayorudi. Wauzaji wa baiskeli wanatoka alfajiri na mikate, ile iliyoota ukungu madukani wanairudisha, stoo wanaandika kwenye daftari. Nimelichapa lile daftari lote la wiki sita kwenye kompyuta usiku watoto wamelala, nikachora chati. Na chati ilikuwa nzuri jamani. Mstari umenyooka kama uzi wa fundi, kumi, tisa, kumi, kumi, tisa, kumi. Nikaiweka kwenye projekta, nikasema kwa sauti ile ninayoitoa nikivaa viatu vya kufunga, kwamba mchakato wetu umetulia, tatizo ni la kudumu, hivyo dawa yake ni mashine.

Mzee Baiskeli nilimwita aje asaini tu. Naandika hivi naona aibu, lakini ndo ukweli, fomu ina sehemu ya saini ya mleta takwimu na yeye ndo mkubwa wa wauzaji. Alikaa mwisho kabisa karibu na mlango, kofia kaiweka gotini. Nilipomaliza akanyoosha kidole.

"Mwanangu, huo mstari mbona umenyooka hivo?"

Nikatabasamu. Nikamwambia ndo uzuri wake mzee.

"Na wa kumi na moja je?"

"Wa kumi na moja upi mzee?"

"Si ukizidi kumi twakatwa. Sasa nani arudishe wa kumi na moja?"

Kimya. Feni tu inalia. Bosi akaangalia saa yake. Na mimi, binti wa watu niliyelelewa na kufundishwa shikamoo, nikamjibu mzee aliyekuwa akituletea mikate barabara ya 12 nikiwa darasa la pili, anapiga kengele mara mbili mama anatoka na kanga begani, nikamjibu:

"Hilo mzee liko nje ya skopu." Yaani nje ya mipaka ya mradi.

Akasema, "Haya mwanangu. Kama liko nje, basi." Akavaa kofia, akasaini. Anasaini taratibu, herufi moja moja, kama anapanda mbegu.

Basi. Ndo hivo tu. Hakuna aliyegombana na mtu, tulikunywa soda tukatawanyika. Lakini tangu siku hiyo nakuna nazi nasikia "haya mwanangu". Niko kwenye bajaji narudi Mikanjuni, "kama liko nje, basi". Nimeisema kwa sauti zote, ya kukasirika, ya kunidharau, ya kunihurumia, na kila nikiisema naona haikuwa hata moja kati ya hizo, alisema kama mtu aliyeambiwa duka limefungwa. Skopu hakuisema. Neno lile hakulidaka, alidaka "nje". Na nje ndo anakofanya kazi yeye, miaka yote hiyo, juani.

Usiku wa Jumanne sikulala. Jumatano nikaenda stoo nikasoma tangazo la ukutani ambalo nimelipita mara elfu, limekula vumbi mpaka limekuwa rangi ya chai: muuzaji anaruhusiwa kurudisha mikate isiyozidi kumi kwa siku, inayozidi itakatwa kwenye kamisheni yake. Yaani nilikuwa napima wiki sita nzima jinsi watu wanavyoogopa kukatwa. Ukungu sijaupima hata siku moja. Ndo maana mstari ulinyooka! Na mimi nilishafundishwa hilo kwenye kozi, kwamba kitu kinachotokea chenyewe hucheza, kinapanda kinashuka, na ukiona namba zimejipanga zimegusa dari bila kulivuka ujue kuna mtu kaweka dari. Nilifundishwa, nikajibu mtihani, nikapewa cheti, cheti kiko kabatini chini ya mashuka.

Kibaya zaidi ni kwamba kosa halikuanzia kwenye kupima. Lilianzia hatua ya kwanza kabisa, kwenye ule mstari mmoja wa kubainisha tatizo tulioandika ofisini mimi na bosi na dada wa mahesabu tukila maandazi: "kupunguza mikate inayorudishwa". Ukitaka kupunguza mikate inayorudishwa kazi ni ndogo, badilisha tangazo uandike mitano. Kesho asubuhi rejesho limepungua nusu, mradi umefaulu, tupigwe picha. Na watu waendelee kula ukungu.

Kwa hiyo Alhamisi saa kumi na nusu alfajiri nikachukua baiskeli ya baba watoto nikaenda getini, geti la kweli safari hii, la chuma, nikamsubiri mzee. (Baba watoto aliuliza naenda wapi, nikasema nje ya skopu, akalala tena.) Nikamwambia mzee leo natoka na wewe. Akaniangalia, akaangalia tairi ya mbele, akasema, "Upepo hamna." Akanijazia yeye.

Jamani Tanga alfajiri. Nilishasahau. Mvua ilikuwa imekatika, barabara za Ngamiani zinanukia udongo na kahawa, mihogo ndo inaanza kuwekwa kwenye mafuta, baiskeli zinapita na wenyewe wanasalimiana bila kusimama, mzee anasalimiwa kila baada ya nyumba tatu, na mimi nyuma yake nimekunja gauni nahema kama mbuzi wa Idd. Tulipita Makorora, tukapita Msambweni, tukaja mpaka karibu na soko la Mgandini. Kila duka anashusha mikate mipya, anauliza iliyobaki, na mwenye duka anamtolea mmoja, miwili, wa kurudisha. Alipofika kumi akafunga boksi kwenye keria. Na maduka yalikuwa bado manne.

Duka la kumi na mbili, mama mwenye duka akatoa mitatu. Mzee akatikisa kichwa tu. Yule mama wala hakushangaa, akaisukuma kwa mguu chini ya meza. Nikamwambia mama samahani, naomba nione chini ya meza. Lo! Kuna katoni zima. "Hiyo ya mbuzi," kasema, "kila Ijumaa kijana anakuja kuchukua, ananipa mia tano."

Nikakaa chini pale pale sakafuni nikaanza kutoa mmoja mmoja. Ishirini na tatu. Na hapa ndo palinibadilisha roho, maana nilienda nikiwa na aibu nikajikuta nafurahi kama mtoto aliyeokota hela. Kwa sababu ile mikate ilikuwa inaongea! Ukungu wa kijani haukuwa kwenye vipande vya katikati ambako kisu cha mashine kinapita pande zote mbili, ulianzia juu, kwenye kichwa cha mkate, pale mfuko ulipogusana nacho, na mifuko mingine kwa ndani ilikuwa bado ina alama za matone yaliyokauka. Alafu vibanio. Sisi mchana tunafungia kibanio cha njano, usiku cha bluu. Katika ishirini na tatu, kumi na tisa vilikuwa bluu. Nilihesabu mara tatu, mama wa duka akahesabu na yeye kwa kunihurumia.

Mzee alikuwa kaegemea baiskeli anakunywa kahawa. Nikamuuliza mzee, usiku kuna nini? Akasema, "Usiku sisi twangoja getini. Mikate yatoka ya moto, yafungwa ya moto, twapewa ya moto. Boksi langu likipambazuka lina jasho." Yaani anajua. Siku zote anajua! Mkate ukitoka oveni katikati yake una karibu nyuzi 95, unatakiwa upoe mpaka kwenye 35 hivi ndo ukatwe na kufungwa, ukiufunga kabla mvuke unagandia kwenye mfuko unakuwa maji. Mbegu za ukungu hazivuki oveni, zinakuja baadaye na hewa, na mikono, na kisu, zikikuta maji zinastarehe, tena kwa joto na unyevu huu wa pwani yetu. Mashine mpya ya milioni sijui ngapi ingekata vizuri sana mikate ya moto.

Sisemi kwamba nimepata jibu, msije mkaniandikia. Katoni moja chini ya meza moja haitoshi kuwa ushahidi, na nikisema "ni shifti ya usiku" kabla ya kupima joto la mkate unapofungwa nitakuwa nimerudia dhambi ile ile kwa kibanio cha bluu. Mkufunzi wetu alitusimulia habari za Ohno wa Toyota, kwamba alikuwa akichora duara kwa chaki sakafuni kiwandani anamsimamisha mhandisi humo ndani aangalie tu, masaa, mpaka aone. Tulicheka sana siku ile. Mimi duara langu lilikuwa katoni la mbuzi.

Ijumaa nikaingia kwa bosi nikamwambia nataka turudi nyuma. Si hatua moja, mbili, mpaka kwenye kubainisha. Akasema geti limeshapitishwa, watu wamesaini. Nikasema ndio, na aliyesaini mwisho ndo aliyeuliza swali. Akasema profoma inaisha tarehe 30. Nikamwambia pia nataka tangazo la kukatwa litolewe wiki mbili, warudishe yote, hata arobaini, bila kukatwa shilingi. Hapo ndo akaruka kwenye kiti, ati wataniletea mikate ya mwaka juzi! Nikamwambia basi bosi badilisha uandike mitano, rejesho litapungua leo leo. Akacheka. Alafu akaacha kucheka, akawa anaiangalia profoma ukutani. Kanipa siku kumi, si kumi na nne, na kipimajoto cha kuchoma kwenye mkate ninunue kwa hela ya chai ya ofisi. Sawa. Nimechukua.

Nilitakiwa niishie hapo nikiwa na furaha yangu. Lakini jana jioni nilimkuta mzee anaosha baiskeli pale bombani, nikaona ndo wakati. Nikamwambia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu. Nikamwambia mzee, nisamehe, siku ile kwenye kikao nilikujibu vibaya.

"Siku ile lini?"

Jumanne, mzee. Uliponiuliza wa kumi na moja.

Akafikiri, kitambaa kiko kwenye spoku. "Mbona ulinijibu vizuri tu," akasema, akaendelea kuosha.

Sasa hapo mimi nifanyeje? Kasahau? Kanisamehe kwa kuniwahi? Au kazoea kujibiwa vile na kila mwenye viatu vya kufunga mpaka kwake ndo jibu zuri? Nimesimama pale nikaona maji yananilowesha ndala, nikaaga. Na nimeshaijaribu hiyo nayo kwa sauti zote, "mbona ulinijibu vizuri tu", usiku wa jana na leo mchana nikipika.

Jumatatu ndo tunaanza kupima upya. Fomu mpya nimechora kwa mkono, ina safu ya rangi ya kibanio, na nimemwomba mzee aipitie kabla sijatoa kopi. Alisema safu ziongezwe ukubwa, vidole vya wauzaji vinene.

Haya, nilale. Ila mama kapiga simu saa mbili hii, tukaongea mapacha, tukaongea mvua, akaniuliza kama nimeshakula, nikasema nimekula, wali na samaki. Tukaendelea kidogo, kuhusu Mtwara, nani atakaa na watoto. Alafu akaniuliza kama nimeshakula. Nikangoja kidogo nisikie kama anatania. Nikamjibu nimekula mama, wali na samaki.