Doa moja au matatu

Tangu masika yaliyopita napiga picha vipepeo wa hapa kwetu Makunduchi. Wanaojitokeza sana ni wale wa rangi ya chungwa, ncha ya bawa la mbele nyeusi yenye mabaka meupe. Hao niliwajua: Danaus chrysippus. Picha 37, zote nikaziandikia jina hilo hilo.

Juzi baada ya alasiri tumekaa barazani, mtoto wa dada yangu kashika simu, anapitisha picha moja moja. Akasita. "Mama mdogo, mbona huyu ana doa moja na wenziwe wana matatu?"

Nikamnyang'anya simu. Kweli. Danaus ana madoa matatu meusi katikati ya bawa la nyuma, na dume huongeza la nne, ambalo ndilo la kutoa harufu. Yule alikuwa na doa moja tu, juu kwenye ukingo wa mbele wa bawa lile. Ni jike la Hypolimnas misippus. Danaus ana sumu aliyoila akiwa kiwavi kwenye mimea yenye utomvu mweupe, ndege wanamkwepa. Huyu hana sumu yoyote, anaivaa sura ya mwenziwe apate kuishi. Na ameiga hasa: wapo Danaus wasio na ncha nyeusi kabisa, na majike ya Hypolimnas nayo yako ya namna hiyo.

Dume lake halifanani naye hata kidogo. Ni jeusi, lina mabaka meupe ya duara yaliyozungukwa na zambarau inayometa. Nilikuwa nalo kwenye simu muda wote, nimeliandikia "bado".

Usiku ule nikazirudia zote 37. Majike ya Hypolimnas matano. Tisa nimeshindwa kuziamua, na hizo ndizo zinazoniuma, kwa sababu ni nzuri: mwanga mzuri, ua zuri, ila bawa la mbele limelifunika la nyuma. Nilikuwa natafuta uzuri. Sasa kila kipepeo nampiga mara mbili, kwa juu akiwa amekunjua na kwa ubavu akiwa amefumba, kisha napiga na jani alilotua.

Leo asubuhi nimempata mmoja nyuma ya jiko, bawa la nyuma la kushoto limenyofoka nusu. La kulia lilikuwa zima. Doa moja.