Programu ya kusomea vitabu kwenye kompyuta: angalia faili kwanza

Kwenye stesheneri za Mwanjelwa, Mbeya, na hata zile za Iringa mjini, ombi ni lilelile: "Niwekee programu nzuri ya kusomea vitabu." Ombi hilo halina jibu mpaka ijulikane kitabu kimekuja katika umbo gani. Bofya kulia juu ya faili, chagua Properties, soma mstari wa aina ya faili. Windows huficha herufi za mwisho za jina, kwa hiyo usiamini picha ndogo unayoiona.

PDF ni ukurasa uliokwisha kupangwa. Kama ulipangwa kwa A4, utabaki A4. Ukikuza herufi kwenye kioo cha inchi 11 utakuwa unasukuma ukurasa kushoto na kulia kila mstari. EPUB ni kurasa za wavuti zilizofungwa ndani ya zip moja, na maneno yake hujipanga upya kufuata upana wa kioo. Ukipewa uchaguzi wa kupakua kitabu cha hadithi, chukua EPUB. Kitabu cha hesabu, michoro au majedwali, chukua PDF.

Kompyuta nyingi za mtumba zinazozunguka huku kwetu zina RAM ya GB 4 na diski ya kuzunguka. Kwa mashine ya namna hiyo yenye Windows, jibu langu ni SumatraPDF. Ni ya bure, ni ndogo sana kwa hiyo haili bando, na inafungua PDF, EPUB, na maumbo mengine ya vitabu kama MOBI (isiyofungwa kwa kufuli la muuzaji), DjVu na CBZ. Chukua toleo lisilohitaji kusakinishwa: ni faili moja tu, unaiweka kwenye flashi na kuifungulia kwenye kompyuta ya maktaba ya chuo ambayo haikuruhusu kusakinisha kitu. Mipangilio yake huiandika pembeni yake palepale, kwa hiyo ukienda mashine nyingine inakumbuka ukurasa ulioishia, mradi kitabu nacho kiko kwenye flashi hiyohiyo.

Vitufe vya kujua si vingi. F12 huleta yaliyomo, Ctrl+G hukupeleka ukurasa unaoutaka, Ctrl+2 hujaza upana wa kioo, F11 huondoa kila kitu isipokuwa ukurasa. Kwenye PDF, chagua maneno kisha bonyeza A kuyapaka rangi, halafu Ctrl+Shift+S kuhifadhi alama ndani ya faili lenyewe. Hatua hiyo ya pili ndiyo husahaulika, na alama zinapotea. Kwenye EPUB haipaki rangi kabisa. Huo ndio udhaifu wake mkubwa, na kwa mwanafunzi anayesoma EPUB kwa kalamu mkononi unatosha kumfanya atafute nyingine.

Nyingine hiyo ni calibre, programu ya kusomea na kutunza vitabu. Faili lake la kusakinisha linakaribia MB 200, basi lipakue penye Wi-Fi. Kuanzia toleo la 6, la mwaka 2022, inataka Windows ya biti 64, tena Windows 10 au zaidi. Mwenye mashine ya biti 32 atumie 5.44. Watu huilaumu kuwa nzito, na mara nyingi kosa ni kuifungua yote ili kusoma kitabu kimoja. Ikishasakinishwa, bofya kulia juu ya EPUB na uifungue kwa E-book viewer pekee. Mara ya kwanza itasubirisha kidogo ikiandaa kitabu, baadaye inafunguka haraka. Hapo unapaka rangi, unaandika maelezo, unabadilisha ukubwa wa herufi na rangi ya karatasi.

Ukiingiza vitabu kwenye maktaba ya calibre, fahamu kwamba inanakili kila faili kwenye folda yake. GB 5 za vitabu zinakuwa GB 10 usipofuta vile vya mwanzo. Na usiingie kwenye folda hiyo kuhamisha mafaili kwa mkono, kwa sababu orodha yake itaendelea kuyatafuta yalipokuwa.

Kishawishi kikubwa ni kugeuza PDF kuwa EPUB. Calibre itakubali, ila PDF haijui aya ni nini. Inajua tu herufi hii iko hapa na ile iko pale. Matokeo yake namba za kurasa huingia katikati ya sentensi, mistari hukatika, na safu mbili huchanganyika. Mimi nisingejisumbua, labda kwa riwaya ya safu moja.

Halafu kuna PDF za notisi zilizopigwa picha. Jaribu kuchagua neno kwa mausi: likikataa, hiyo ni picha, na Ctrl+F, ya kutafuta neno, haitapata kitu kwenye programu yoyote ile. Dawa ni OCR, yaani programu inayosoma herufi kwenye picha na kuzigeuza maandishi. Mojawapo, Tesseract, ya bure, ina data ya Kiswahili. Chagua lugha ya swa, la sivyo itasoma maneno yetu kana kwamba ni Kiingereza na kuyaharibu.

Anayetaka kusomewa kwa sauti afungue PDF yenye maandishi kwa Microsoft Edge na kuchagua sauti ya Kiswahili cha Tanzania, Daudi au Rehema. Sauti hizo zinatengenezwa mtandaoni, kwa hiyo bando likikata nazo zinanyamaza. EPUB usiipeleke Edge: iliacha kuisoma mwaka 2019, ingawa maelekezo ya zamani bado yanasema inaweza. Kwa EPUB na msomaji asiyeona anayetumia NVDA, programu inayomsomea kilicho kwenye kioo, weka Thorium Reader.

Faili la ACSM lenye KB chache tu si kitabu, ni tiketi ya kukichukulia. Linafunguliwa kwa Adobe Digital Editions, ukiwa na intaneti, na kitabu chenyewe kinashuka hapo. Kikishuka kimefungwa kwa akaunti yako. Sumatra haitakifungua, na kubadilisha jina la faili hakusaidii.