Kutoka Bomas mpaka Naivasha

Jumamosi mimi na binamu yangu tulianzia Bomas of Kenya, kile kituo cha utamaduni pale Lang'ata, Nairobi, watu walikuja kuona ngoma lakini mimi nilitaka ule ukumbi tu. Hapo ndo wajumbe 629 walikaa kuanzia Aprili 2003 mpaka Machi 2004, Profesa Yash Pal Ghai akiwa mwenyekiti, wanabishana kuhusu katiba, na kilichowakosanisha zaidi ni kiti cha rais. Wengi walitaka apunguzwe nguvu, serikali iendeshwe na waziri mkuu, mawaziri wakasusia wakatoka nje na bado rasimu ikapitishwa. Halafu fikiria, ukumbi huohuo ndo Wakenya walikodolea macho kwa tivi wakingoja kutangaziwa rais, 2013, 2017, 2022. Nilisimama pale muda mrefu aki.

Tukarudi tao tukapanda matatu ya Naivasha. Tukishuka ile miteremko ya Mai Mahiu binamu akauliza kwani huyu rais wa nguvu alitoka wapi, nikamwambia tulipopata uhuru 1963 Kenyatta alikuwa waziri mkuu na Malkia bado ndo mkuu wa nchi, mwaka mmoja baadaye, 12 Desemba 1964, tukawa jamhuri na vyeo viwili vikamezwa na kimoja, cha rais, kutoka hapo katiba ikawa inarekebishwa tu kumwongezea, hadi 1982 sheria ikasema chama ni kimoja.

Na Naivasha ndo ninayo kinyongo nayo. Januari 2010 kamati ya wabunge ilijifungia hotelini huko na rasimu nyingine ya katiba, ya wataalamu, iliyogawa kazi kati ya rais na waziri mkuu, wakatoka waziri mkuu ameshafutwa! Binamu akanikatiza, "Wewe umesahau nusu mkate, ile serikali ya rais Kibaki na waziri mkuu Raila? Kila siku vita ya nani mkubwa." Hapo ako na point, mafahali wawili kweli hawakai zizi moja, na kwa katiba ya sasa rais lazima apate nusu ya kura na moja juu, mawaziri wake wanapigwa msasa na Bunge, Mahakama ya Juu ilifuta ushindi wa rais 2017. Hayo nayapenda sana. Lakini kwa nini mjifungie, na watu walikuwa wameongea hadharani?

Jioni tulikula samaki Kamere, kando ya ziwa. Nikamuuliza mama aliyekuwa anakaanga kama anakumbuka hao wabunge wa 2010. Akasema magari makubwa aliyaona yakipita, hayo mengine yote aliyasikia kwa redio kama sisi.