Mkono Uliobadilika Sauti

Nilipohamishiwa kitengo cha kusafisha damu ya wagonjwa wa figo, nilijifunza mashine kwanza. Kasi ya damu mililita 300 kwa dakika, shinikizo la vena, yaani msukumo wa damu ikirudi mwilini kutoka kwenye mashine, kiasi cha maji ya kutoa: yote nilikuwa nayo kichwani. Mkono wa mgonjwa kwangu ulikuwa mahali pa kuchoma sindano 2, basi.

Asubuhi moja mzee aliyekuwa akija mara 3 kwa wiki akaniambia kabla hajapanda kitandani, "Sista, huu mkono hauungurumi tena. Zamani nikiulalia nausikia. Siku hizi unadunda tu."

Nikamwita kiongozi wa zamu, mama aliyezeekea kwenye kazi ya figo. Mashine hakuitazama hata kidogo. Alipitisha ncha za vidole polepole kuanzia kwenye kovu la kifundo hadi juu ya kiwiko, kisha akavishika vidole vyangu na kuvipitisha njia ile ile. Mkono ule ulikuwa na fistula, yaani ateri, mshipa utoao damu moyoni, iliyounganishwa na vena, mshipa uirudishao, ili vena inenepe na kustahimili sindano. Ikiwa nzima, hutetemeka mfululizo chini ya ngozi kama mzinga wenye nyuki. Ile haikutetemeka. Ilipiga, ikanyamaza, ikapiga.

"Mwinue mkono," akasema.

Mkono ukiinuliwa juu ya usawa wa moyo, fistula nzima hunywea, maana damu inateremka bila kizuizi. Ya mzee ilibaki imetuna hadi karibu na kwapa. Nikaweka stetoskopu: badala ya mvumo mzito usiokatika, nilisikia mluzi mwembamba, mfupi, kwa kila pigo. Njia ya damu kurudi moyoni ilikuwa imebana.

Kisha akamuuliza mzee swali ambalo lisingenijia: "Tukitoa sindano, damu inachelewa kukata?" Mzee akajibu kwamba siku hizi inachelewa sana, hata pamba zinalowa. Tukafungua faili lake. Shinikizo la vena lilikuwa limepanda kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, kila mara chini ya kiwango cha kengele, kwa hiyo mashine haikulia hata siku moja. (Tangu hapo kengele siziamini sana.)

Alipelekwa kwa daktari wa mishipa, mshipa ukapanuliwa kwa puto. Ungeziba kabisa angewekewa mpira wa kupitishia damu shingoni, na mipira hiyo huleta maambukizi kwa urahisi. Aliporudi alininyooshea mkono kabla hata sijamsalimu, nimguse.

Yule mama akanipa kazi: nikague kila mkono, niandike nilichokiona, nilichokigusa na nilichokisikia, ndipo nifungue faili. Kozi ya figo niliisoma baadaye. Sura ya fistula niliipita upesi. Iliyonitoa jasho ni ya uzito mkavu, yaani uzito wa mgonjwa maji ya ziada yakishatoka, maana huo hauna mahali pa kuweka kidole.