Kile cheupe mbele ya moyo wa mgebuka

Kuna jambo linanisumbua kila nikipokea kidato cha tano kipya. Mwanafunzi amekulia Ujiji, tangu mdogo anapara samaki wa mboga ya nyumbani, lakini akifika maabara anamchora samaki wa kitabuni. Wa kwenye sinia hata hamtazami.

Leo Jumamosi nimeshuka mwaloni Kibirizi, hapa Kigoma, mapema, kabla migebuka, wale samaki wa Ziwa Tanganyika, hawajaisha. Mama muuzaji alishangaa kusikia nataka ambao hawajatolewa matumbo. "Mwalimu, utawapika na nyongo?" Nilipomwambia ni wa shule, akanichagulia wale wenye mashavu (matamvua) mekundu kabisa, na dagaa wabichi akaniongezea bure. Mungu ambariki.

Masinia ya kupasulia tumetengeneza wenyewe kwa nta ya mishumaa, na pini zinashika vizuri tu. Mkasi unaanzia kwenye tundu la haja kwenda mbele, ncha ukiiinua ili usitoboe utumbo. Moyo uko mbele kabisa, chini ya koo. Kitabu kinasema una vyumba viwili, atiria moja ya kupokea damu na ventrikali moja ya kuisukuma, na karibu darasa zima lilikuwa limeshachora hivyo kabla ya kufika huko. Msichana mmoja akaniita: "Madam, huyu wangu ana kitu cha tatu. Cheupe, kama kitunguu kidogo." Wenzake wakamwambia afute, kitabuni hakimo.

Nikamwambia asifute. Nikampa koleo, akakishika taratibu na kukivuta; kikavutika, alipoachia kikarudi. Hapo meza zote zikahamia kwake. Ile ni balbasi ateriosasi, mwanzo wa mshipa unaopeleka damu kwenye mashavu. Chenyewe hakisukumi. Ventrikali ikisukuma kinatanuka, ikipumzika kinanywea, na damu inaendelea kutiririka bila kukatika hadi kwenye vile vishipa vya mashavu ambavyo ni vyembamba mno kupokea kishindo cha kila pigo. Hayo yote waliyasema wao, mimi niliuliza maswali tu. Nimefurahi kuliko siku ya matokeo.

Kwenye tumbo la mgebuka mmoja tulikuta dagaa, bado ana macho. Basi tukachukua shavu la dagaa na kuliweka chini ya hadubini. Upande wa ndani wa tao lake, ule mfupa uliopinda unaoshika shavu, kuna vijimeno virefu, vyembamba, vimesongamana. Ndivyo vinavyochuja planktoni, vile viumbe vidogo mno vinavyoelea majini. Vya mgebuka ni vichache, vimeachana. Mvulana ambaye baba yake ni mvuvi akaunganisha mwenyewe: planktoni hupanda juu usiku, dagaa wanaifuata, migebuka wanawafuata dagaa, na ndiyo maana wavuvi wanatoka na taa usiku, lakini mbalamwezi ikiwaka wanapumzika kwa sababu taa hazivuti tena. Kutoka hapo tukafika hadi mwaka 2024, ziwa lilipofungwa kwa uvuvi miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Wengi waliukumbuka msimu ule kwa bei ya mboga. Leo waliujadili kwa mzunguko wa maisha ya dagaa, samaki anayekua haraka na kuzaliana haraka, kwa hiyo akipewa nafasi anarudi upesi.

Najua mtihani wa vitendo unataka mchoro safi wenye majina yaliyonyooka, na tutaufanyia mazoezi. Lakini sitakubali tena mchoro uliokamilika kabla ya samaki kupasuliwa. Kuanzia sasa vitabu vinabaki kwenye begi mpaka mchoro wa kwanza nimeuona.

Maini nimeyaweka kwenye barafu. Jumatano tutayatumia kwa jaribio la katalasi, kimeng'enya cha kwenye ini kinachovunja haidrojeni peroksaidi na kutoa povu: kipande kibichi na kilichochemshwa, kila kimoja kwenye haidrojeni peroksaidi, halafu tupime povu linapanda hadi wapi. Yule mtoto wa mvuvi anataka tujaribu pia peroksaidi iliyopoozwa, maana baba yake humwambia maji ya chini ziwani ni ya baridi zaidi. Nimemwambia aje na barafu ya kutosha.